Fundi na Plagi Kavu

Ndugu zangu, sogeeni kidogo, maana leo nina fundi wa kuwatambulisha. Jina lake silisemi. Nikilisema mtaanza kutazamana.

Huyu alikuwa fundi wa dizeli, na fundi wa kweli, tusimwonee. Lori lilikuwa likipita barabarani, yeye yuko ndani anakunywa chai, anakwambia nozeli ya ngapi ina shida. Juu ya mlango wa gereji yake aliandika kwa rangi nyekundu: GARI LIKITOKA HAPA HALIRUDI. Na kweli, kwa miaka kumi na moja halikurudi hata moja. Kila asubuhi alisimama akayasoma maneno yale, utadhani kayaandika mtu mwingine. Je, ni dhambi mtu kuipenda kazi yake? Hata! Hata mimi ningeyasoma.

Sasa, chama cha wakulima wa parachichi kilikuwa na lori moja tu, la kisasa, lile ambalo nozeli zake, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini, zinaendeshwa kwa umeme. Nyaya zake zinaanzia chini ya mfuniko wa juu wa injini, humo inamoruka oili ya moto, halafu zinatoka nje, zinapita kwenye plagi ya kuziunganisha, zinakwenda mpaka kontroli boksi, ambayo ndiyo ubongo wa gari. Kinachozuia oili isizifuate nyaya ni raba ndogo tu, haizidi pete ya kidoleni. Siku fundi alipolifanyia lori matengenezo, aliikuta raba ile imekakamaa kama ukoko. Mpya hakuwa nayo. Akairudisha ileile, akafunga mfuniko, akajiambia itashika.

Baada ya wiki mbili dereva akaja, mzee mmoja mpole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Ile plagi ya nozeli imelowa oili. Na mlimani injini inamisi, inakatakata."

Fundi akatupa jicho kule juu ya mlango. "Hilo jasho tu, mzee wangu." Akaifuta kwa spiriti. Wiki iliyofuata imelowa, akaifuta. Ya tatu, akaifuta. Mara ya nne mzee akasema, "Mwanangu, mimi sikusomea ufundi, lakini oili haizaliwi kwenye plagi. Inatoka huko ndani. Fungua mfuniko tuone."

Jamani, fundi alijua! Alijua ni raba ile, na kwamba oili ilishaingia ndani ya waya wenyewe, inatembea kama mafuta ya taa kwenye utambi. Lakini kufungua mfuniko maana yake nini? Maana yake gari limerudi.

"Mzee, wewe shika usukani, spana niachie mimi," akasema. Akachukua silikoni, akaiziba plagi pande zote, isiachie hata tone.

Na ikakauka! Wiki ya kwanza kavu, mwezi mzima kavu. Fundi akawa anawaita wapita njia, "Njooni mguse!" Mavuno yalipofika, parachichi za kijiji kizima zikapakiwa kwenda bandarini, na mwenyekiti wa chama, mama mmoja mwenye sauti yake, akamwambia, "Fundi, wewe panda mbele. Lori hili linatembea kwa mikono yako." Akavaa shati jeupe. Kina mama wakapiga vigelegele. Akakaa pale mbele amejaa kiti kizima, anapungia mkono hata watu asiowajua, na moyoni anasema, laiti marehemu mama angeniona leo. Ilikuwa fahari ya kweli, siwadanganyi.

Kwenye mteremko mkubwa injini ikazimika. Haikumisi kwanza, haikukohoa. Ilizimika tu. Usukani ukawa mzito, mzigo unasukuma kutoka nyuma, na upande mmoja ni korongo. Yule mzee mpole akaliegemeza lori kwenye ubavu wa mlima, likasugua mawe mpaka likasimama. Hakufa mtu, Mungu apewe sifa. Lakini parachichi zilikaa juani siku tatu, na jasho la mwaka mzima la kijiji likamwagwa korongoni.

Mwenyekiti akafika. Kontroli boksi ikafunguliwa mbele ya macho yake, nayo ilikuwa imejaa oili. Pale ilipozoea kutokea palikuwa pamezibwa, basi ikasonga mbele.

"Fundi," mama akauliza, "mbona gari halikutuambia?"

Fundi akakaa chini barabarani na shati lake jeupe. "Lilituambia, mama. Mara nne. Mimi ndiye niliyeliziba mdomo."

Haya, sasa ni sisi. Mnamcheka fundi? Sisi tunaosifiwa mtaani kwamba nyumba zetu zimetulia? Mtoto alisema hataki tena kwenda kwa mjomba wake, tukamwambia aache utundu. Mke alisema jambo moja mara nne, mara ya tano akanyamaza, nasi tukashukuru kwamba sasa ameelewa. Humu humu kanisani dada mmoja aliuliza swali kikaoni, tukamwambia azidishe maombi. Kumekauka, na tunajisifu. Nani kati yetu amewahi kujiuliza maneno yale yalikwenda wapi yalipokosa pa kutokea?

Sisemi msijivunie nyumba zenu. Jivunieni! Fundi yule angefungua mfuniko mbele ya watu wote, akasema nimekosea, na bado angebaki fundi bora wa wilaya nzima. Nani angembishia?

Leo ibada ikiisha, usikimbilie chakula. Mtafute yule uliyemnyamazisha. Unamjua, usijifanye. Mwambie, "Siku ile ulitaka kusema nini?" Kisha keti, na usimjibu mpaka amalize.