Hatua za Shemeji

Wahenga walituonya kwamba adui wa mtu mara nyingi hakai mbali. Hula naye, hucheka naye, na hujua ufunguo unafichwa wapi.

Palikuwa na mjane mfuga kuku aliyeitwa Macho Manne, maana alihesabu mayai kabla ya kufunga banda na baada ya kulifunga. Hakuna mtu ambaye mjane alimtilia shaka kama dereva wa trekta aliyemlimia shamba. Kikao cha wakulima kilikuwa kimepanga bei moja ya kulima ekari, sawa kwa wote, na ekari ilipimwa kwa miguu: hatua sabini kwa sabini za mtu mzima. Shamba la mjane lilipimwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyempelekea dereva malipo. Kila msimu shemeji alitangaza ekari tatu.

"Dereva yule mwangalie sana, shemeji," alizoea kusema huku akimenya yai la kuchemsha. "Ana mkono mrefu."

Mwaka huo mvua ilikaribia na mfuko ulikuwa mtupu. Kulipia ekari tatu kulimaanisha kuuza kuku wote, na karo ya bintiye ilitoka kwenye mayai. Kwa uchungu mjane akaingia shambani, akapima mwenyewe. Akapata ekari mbili. Akarudia. Mbili!

"Niachie mimi nikaongee na dereva," shemeji alimsihi. Mjane hakusikia la mtu, akaenda kwa dereva. Shemeji akamfuata nyuma, shingo upande.

"Mwizi mkubwa we!" mjane alifoka mbele ya vibarua. "Ekari mbili unanilipisha tatu?"

Dereva akafuta grisi mikononi. "Dada, nitukane, lakini sijawahi kulipwa tatu kwako. Naletewa pesa za mbili. Na hizo nabembelezwa nizipunguze, eti mjane hana kitu."

"Anayekubembeleza nani?"

Dereva akamgeuzia shemeji macho.

"Anatugombanisha huyu!" shemeji akacheka kicheko kikavu. "Kila mtu na mguu wake, shemeji."

Mjane akakumbuka jinsi shemeji alivyopima shamba lile, akinyata kama aliyechomwa na mwiba. Siku zote alidhani ni heshima kwa ardhi ya kaka yake. Lakini wakati wa chakula, mtu huyo huyo alivuka ua kwa hatua nne ndefu.

"Basi, shemeji, tupimie kutoka hapa hadi kwenye lile pipa la dizeli. Kama unavyopima kwangu."

Vibarua wakaacha majembe. Akipiga hatua fupi, amejitaja; akipiga ndefu, ekari ya tatu inayeyuka. Shemeji akabaki amesimama, asinyanyue hata unyayo.

"Nisamehe, kaka," mjane alimwambia dereva kwa aibu. "Kesho njoo unilimie mbili."

Miaka yote hiyo alihesabu mayai, asimhesabu aliyekuwa akiyala mezani pake. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.