Kindi Wasiokimbia

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Mmeitikia kama watu walioshiba. Haya, ngano hii ni ya watu wenye njaa.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji kando ya mwitu. Mwituni mlikuwa na kindi. Mwewe aliwapunguza, nyoka aliwapunguza. Lakini wanakijiji waliona uchungu kwa vifaranga vyao, wakamwua mwewe, wakamwua nyoka. Basi kindi wakazaana. Wakala kokwa za mwitu, zikaisha. Wakala mayai ya ndege, yakaisha. Wakaingia mashambani. Kwaru-kwaru, wakafukua karanga. Kwaru-kwaru, wakafukua mbegu za mahindi. Mwaka ule watu hawakuvuna kitu.

Kisha kindi wakaanza kuanguka mitini. Pu! Pu! Wala hakuna aliyewapiga mshale. Wengine walikuwa wangali wanahema, lakini hawakukimbia. Watu wakashangilia: "Wamekula karanga zetu, nasi sasa tuwale wao!"

Aliyewaokota na kuwachuna ni mwanamke mmoja, Mize. Aliwachuna wangali na joto, viroboto wakimrukia mikononi, naye akijikuna na kucheka.

Desturi yao, nyama ya mwitu haikuliwa mpaka mkubwa wa kijiji aonje ini. Mkubwa alikuwa Bi Siwatu, kikongwe, mama yake Mize. Nyama ikichemka chunguni, Mize akampelekea ini juu ya jani.

"Nani amewaua?" Bi Siwatu akauliza.

"Hakuna, mama. Wameanguka wenyewe."

"Ulipowafuata walikimbia?"

"Hawakukimbia."

"Kindi asiyemkimbia mtu ana jambo. Ini hili silionji."

"Mama, mwenye njaa hana miiko."

Bi Siwatu akainuka, akakipiga chungu teke. Mchuzi wote mchangani! Watoto wakalia. Wakubwa wakamtukana, matusi ambayo mimi sitayatia kinywani mwangu.

Siku ya tatu Mize akashikwa na homa. Mtoki ukamvimba kinenani, mkubwa kama yai. Matusi yakakoma.

Bi Siwatu akamwingiza binti yake kibandani, nje ya kijiji. Akawaambia watu, "Huyu nimemzaa mimi, nitamuuguza mimi. Kindi wazikeni kwa majembe, msiwashike. Chakula kiacheni pale kwenye kisiki. Asivuke mtu."

Kila asubuhi watu walisimama kwenye kisiki, wakaita:

"Bi Siwatu, umeamka?"

"Nimeamka. Msije."

Siku ya pili wakaita: "Bi Siwatu, umeamka?"

"Nimeamka. Msije."

Siku ya tatu vivyo hivyo. Siku ya nne vivyo hivyo. Siku ya tano sauti ilikuwa ndogo, ikakatizwa na kikohozi.

Siku ya sita wakaita. Kimya. Wakaita tena. Kimya. Mwanamume mmoja akainua mguu avuke kisiki. Hapo ikatoka sauti, lakini haikuwa ya kikongwe.

"Nimeamka," alisema Mize, akilia. "Msije."

Watu wakaketi chini pale pale, wakalia. Waliomtukana ndio waliolia zaidi.

Mize alimzika mama yake peke yake. Alipopona kabisa alikichoma moto kibanda, akarudi kijijini. Hakuugua mtu mwingine.

Tangu siku ile, mwewe akichukua kifaranga katika kijiji kile, hatupiwi jiwe. Huambiwa, "Chukua, uende zako."

Nanyi mnaonisikiliza, mkimkuta mnyama wa mwitu asiyewakimbia, mpisheni, hata kama tumbo linanguruma. Anayekumwagia chungu huenda ndiye anayekupenda.

Ngano yangu naitua hapa, pale kwenye kisiki.