Pimbi na Kitabu Kilichokaliwa na Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipeleka watoto shule na kugombana na majirani kama sisi tu, Pimbi alikosa utulivu. Aketi, ainuke, achungulie njia, arudi ndani! Jumamosi Mwalimu Kobe angewasikiliza watoto wakisoma mmoja mmoja, na asiyejua kusoma angefukuzwa darasani. Binti yake, Tunu, alijua kuimba tu "ba, be, bi, bo, bu" pamoja na wenzake. Herufi zenyewe hakuzijua.

Kitabu cha silabi kilikuwa kimoja, nacho kilizunguka nyumba kwa nyumba. Kilipofika kwa Fisi, akakikalia.

"Jirani, tuazime hata jioni moja," Pimbi akaomba.

"Thubutu! Wote wakijua, mwanangu Shomvi atamshinda nani?"

Pimbi akahesabu kwa vidole. Siku zimebaki tatu! Akapanda juu ya jiwe, akapaza sauti mtaa mzima usikie.

"Ati Shomvi anasoma? Yule anakariri tu kama kasuku!"

Fisi akatoka mbio, kitabu kwapani. "Nani kasema?"

"Mimi! Kama anasoma kweli, aje hapa kibarazani kwangu aguse kila silabi kwa kidole, polepole, tumwone."

Majirani wakacheka, kwi-kwi-kwi! Fisi akawaka. "Shomvi! Njoo uwaonyeshe!"

Shomvi akaanza, kidole kikayumba. Fisi akamshika mkono mwenyewe. "Hii ba! Hii be! Angalia, we mtoto!"

Tunu alikuwa kajibanza nyuma ya mama yake, macho kwenye kitabu, akichora kila silabi mchangani.

"Mh! Ukurasa mmoja?" Pimbi akaguna. "Huo hata mimi nauimba."

"Kesho nakuja tena!" Fisi akafoka. Akaja kesho yake, akaja na siku ya tatu, mpaka kitabu kikaisha.

Jumamosi, Mwalimu Kobe akafungua kitabu katikati. Shomvi akasoma, Fisi akatamba. Kisha Tunu akaweka kidole, akasoma silabi kwa silabi mpaka chini ya ukurasa. Pimbi akalia kwa furaha, wala hakujali nani anamtazama.

Fisi akaruka. "We! Nani kakufundisha?"

"Si wewe, Mjomba? Siku tatu nzima, kibarazani kwetu."

Basi wanangu, mchoyo wa elimu ukimchokoza majivuno yake, atafundisha mtaa mzima bila kujua.