Mize Aliyeanziwa Ukili

Paukwa!

— Pakawa!

Nani huyo kaitikia kwa pua? Tena. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa mtu na aibu yake!

Naam. Sogeeni. Mwenye karanga atafune sasa hivi, nikishaanza sitaki kusikia meno ya mtu.

Hapo kale, watu wakiwa bado na subira, palikuwa na mji wenye mikindu. Mikindu mbele ya nyumba, mikindu nyuma ya nyumba, mikindu mpaka nyuma ya vyoo. Wanawake wa mji huo kazi yao ilikuwa kusuka. Wakichuma ukindu, majani ya miti hiyo, wakiuanika, wakiuchana mwembamba, wakiutia rangi, kisha wakisuka ukili. Ukili mnaujua? Ni ule utepe mrefu, upana wa vidole vitatu hivi. Ukishapata kili za kutosha, unazishona pamoja kwa shazia, ile sindano kubwa, unapata mkeka.

Mjini hapo akaolewa mwanamke jina lake Mize. Mize alikuja na sanduku, akaja na mdomo, lakini kusuka hajui hata ufagio. Mumewe, Vuai, alikuwa na mama, Bi Kazija, na wote watatu wakikaa nyumba moja. Bi Kazija alikuwa mtu wa maneno machache. Kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, ila kula tu.

Sasa nisikilizeni. Kuendeleza ukili si kazi. Kuuanza ndiyo kazi. Majani yako matupu mkononi, hayajashikana. Ukilivuta hili, lile linachomoka. Ndiyo maana mtoto wa kike huanziwa. Mkubwa anaanza, mtoto anaendeleza. Lakini ni msimu mmoja tu! Msimu wa pili mtoto anapigwa kikofi cha mkono, anaambiwa, "Anza mwenyewe, umekuwa."

Bi Kazija hakumpiga Mize kikofi. Kila asubuhi, chai haijachemka, Mize akikuta juu ya kigoda ukili ulioanzwa.

"Endelea, mwanangu."

Akaendelea. Kesho yake, "Endelea, mwanangu." Akaendelea. Miaka saba, jamani, asubuhi kwa asubuhi, "Endelea, mwanangu."

Na Mize alikuwa na kipawa, tusimdhulumu. Alichemsha magome na mizizi akatoa rangi ya zambarau iliyowagombanisha wanawake wa mji mzima. Alisuka makawa ya kufunikia wali, alisuka vipepeo vya kupepelea moto, alisuka vikapu vyenye vifuniko vilivyokaa sawasawa. Alisuka hata kofia ya punda, ina matundu ya masikio. Punda yule alitembea wiki nzima hataki kubeba mzigo.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa mikeka. Mikeka ya mji ule mistari yake yote ililala kulia. Mikeka ya Mize ililala kushoto. Watu wakiiona tu, "Huo mkono wa Mize huo!" Mize akisikia, shingo inarefuka.

Siku moja wakaja wageni kutoka mji wa mbali. Wakaketi barazani, wakashika mikeka, wakaipapasa, wakatikisa vichwa. Bi Kazija alikuwa papo hapo pembeni, anachana ukindu.

"Bi Mize, nani kakufundisha?"

"Hajanifundisha mtu."

"Hata kidogo?"

"Mungu na vidole vyangu."

"Na huyu bibi hapa?"

Mize akamtazama mavyaa wake. Bi Kazija naye akamtazama. Mize akasema, "Huyu? Huyu hunichania ukindu tu."

Mnaguna? Guneni. Hata mimi niliguna nilipohadithiwa.

Bi Kazija akauinamia ukindu wake. Alimaliza kuchana, akafagia takataka zake, akazitupa. Asubuhi akafunga nguo zake ndani ya kanga moja. "Mwanangu, mimi nakwenda kwangu." Kwake kulikuwa kijumba cha zamani, ng'ambo ya kisima. Vuai akauliza, "Mama, kuna nini?" Akajibiwa, "Hakuna kitu." Mize masikio yalimuwaka moto. Alijua vizuri sana kuna nini, na hakufumbua mdomo.

Kesho yake akaamka, akaenda kwenye kigoda. Kitupu.

Akachukua majani aanze mwenyewe. Yakachomoka. Akaanza tena, yakachomoka. Akaanza mara ya tatu, yakachomoka, akayatupa, akalia kidogo kwa hasira. Akatwaa mkeka wa zamani, akafumua mwanzo wake auone ulivyoanzwa. Loo! Ukishaufumua mwanzo hakuna tena mwanzo, kuna majani tu.

Ndipo akapata ujanja. Alifungua ncha ya mkeka wao wa kulalia, akatoa ukili mmoja, akaongezea majani hapo ulipoishia, akaendelea. Akamalizia mkeka wa kulalia, akaingia mkeka wa kulia chakula. Akamalizia huo, akaingia mkeka wa wageni. Nyumba ikabaki sakafu.

Usiku mmoja, mkeka wa kulalia ukiwa bado haujaisha, Vuai akasema, "Mke wangu, mimi narefuka au mkeka unapungua?"

"Unarefuka."

"Kwa umri wangu huu?"

"Lala, mume wangu."

Akalala, miguu iko sakafuni. Cheka tu, wewe wa nyuma, mkeo hajaanza.

Basi mjini palikuwa na msichana jina lake Salme, kaposwa. Na ada ya mji ule, mkeka wa biharusi huanzwa mbele za watu. Wanawake wanakaa duara, fundi anaanza ukili, biharusi kaweka mkono wake juu ya mkono wa fundi. Mwanzo lazima uwe mpya, uzaliwe pale pale. Ukitokana na ukili wa zamani, watu husema ndoa imeanzwa kwa makombo.

Mama yake Salme akaja. "Bi Mize, Ijumaa utuanzie mkeka wa mtoto."

Mize akaficha mkono nyuma. "Dada, kidole kimenivimba."

"Tutangoja kipone."

"Na mwilini nasikia homa homa."

"Tutangoja ishuke."

"Na ukindu wangu haujakauka."

"Tumechuma wetu. Mwanangu kasema, asipomwanzia Bi Mize, haolewi."

Ungejibu nini wewe? Mize akajibu, "Haya."

Sasa hapo palikuwa na njia moja iliyonyooka. Aende kwa Bi Kazija aseme, "Mama, nimekosa, nifundishe." Maneno matatu! Nimeyahesabu. Jumanne akatoka, akafika kisimani, akarudi. Jumatano akafika uani kwa Bi Kazija, akasikia kikohozi ndani, akarudi mbio. Kila akitaka kusema, ulimi unakumbuka ulichosema barazani, unakuwa mzito. Aibu ikishazeeka mwilini ni ngumu kuitoa.

Alhamisi akafika mlangoni. Kimya. "Hodi?" Kimya. "Hodi?" Kimya. "Hodi?" Kimya kabisa. Pale kwenye mwimo wa mlango umening'inia ukili ulioanzwa, mfupi, urefu wa kidole. Mize akatazama huku, akatazama huku. Akaukwapua, akautia kifuani, akaondoka upesi upesi huku anajisemea, "Nitaurudisha." Utarudishaje mwanzo, mwanamke wewe?

Ijumaa ikafika. Ukumbi umejaa wanawake, udi unafuka, Salme kaketi katikati, kafunikwa leso. Mize akaingia. Akakaa, akachukua majani, akajifunika kanga mikononi.

"Mbona wajifunika?" wakamuuliza.

"Nazuia kijicho."

Salme akaweka mkono wake juu ya ile kanga. Chini yake vidole vya Mize vinajifanya vinasuka. Kisha akafunua. Ukili huo, umeanzwa! Vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakakimbia uani.

Ukili ukapita mkono kwa mkono, kila mtu auombee heri. Ukafika kwa Bi Mashavu, bibi yake Salme mzaa mama. Bi Mashavu macho yake yalikuwa hafifu, lakini vidole vyake vilikuwa vizima. Akaupapasa mara moja. Akaupapasa mara mbili. Mara ya tatu akaugeuza.

"Mize."

"Labeka, bibi."

"Shazia unashika kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Mbona mwanzo huu umeanzwa na mtu wa kushoto?"

Waliokuwa wanacheka wakaacha. Mmoja akainama akatazama mkeka alioukalia, mkeka wa Mize. Umelala kushoto. Mwingine akatazama wake. Kushoto. Miaka yote wamesifu mkono wa Mize, kumbe wakisifu mkono wa mtu mwingine. Nguo ya kuazima haisitiri matako, ndugu zangu. Mize alitamani sakafu ipasuke.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, karibu na mlango.

"Mwacheni. Nimemfundisha mimi. Anaanza ninavyoanza mimi."

Alikuwa Bi Kazija. Kumbe alialikwa, kakaa kwenye viatu vya watu.

Mama yake Salme akasema, "Lakini yeye alisema hajafundishwa na mtu."

"Watu husema mengi," akajibu Bi Kazija. "Endeleeni na shughuli."

Mmeona? Mlango huo umefunguliwa. Mize apite tu, abaki na jina lake, mkeka ushonwe, tule pilau. Na angepita, kama Bi Kazija angemtukana. Angetukanwa, angejibu. Lakini amesitiriwa na yule yule ambaye yeye Mize alimvua nguo mbele ya wageni. Hilo lilimshinda. Aliona haya mpaka machozi yakaja, akayafuta kwa kiganja, yakaja mengine.

"Si kweli," akasema. "Ukili huu nimeuiba. Jana, mlangoni kwake. Mimi kuanza sijui. Sijawahi kuanza hata siku moja."

Mtoto mmoja akacheka, maana yeye alikuwa na miaka tisa na kuanza anajua. Mama yake akamfinya. Wanawake wakatazama chini. Salme akaondoa mkono wake.

Mize akageuka nyuma, lakini uso hakuweza kuuinua. "Mama, nimekosa. Nifundishe."

Bi Kazija akasukuma viatu pembeni.

"Jana nilikuwa ndani," akasema. "Nilikuona."

"Ulinisikia nikibisha hodi?"

"Zote tatu."

"Mbona hukutoka, mama? Hata kunifukuza?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini? Mwizi si mimi?"

Bi Kazija akazishika ncha za kanga yake, akawa anazikunja. "Mtoto huanziwa msimu mmoja. Wewe nilikuanzia miaka saba. Ulidhani nilisahau? Vuai ni mwanangu wa pekee. Nilisema moyoni, huyu akijua kuanza, mimi nitakuwa wa nini tena nyumba hii? Basi nikakunyima. Kila asubuhi nakwambia endelea, mwanangu, na kila asubuhi nakunyima. Uliposema mimi nakuchania ukindu tu, nilijiambia, haya nimeyataka mwenyewe."

Bi Mashavu akapenga kamasi.

Kisha Bi Kazija akasimama, akapita katikati ya watu, akakaa sakafuni. Hakukaa ubavuni kwa Mize. Wa kushoto akimfundisha wa kulia ubavu kwa ubavu, wote wanapotea. Alikaa mbele yake, goti kwa goti, kushoto kwake kukaelekea kulia kwa Mize. Akachukua majani manne, akampa Mize manne.

"Nitazame."

Mize akatazama mikono.

"Na huku juu," akasema Bi Kazija. "Na mimi naogopa, lakini nitazame."

Basi wakatazamana. Mara ya kwanza majani yakachomoka. Mara ya pili yakachomoka, na mtoto yule akafinywa tena. Mara ya tatu yakashikana. Mwanzo wenyewe ulikuwa mbaya, nisiwadanganye, umepinda, umevimba upande, na umelala kulia.

Mama yake Salme akakunja uso. "Huo ndio wa mwanangu?"

Salme akafunua leso yake, akainama, akauweka mkono wake juu ya mikono yote miwili, wa kushoto na wa kulia. "Uanze hivyo hivyo," akasema. Ukaanzwa hivyo hivyo.

Hadithi nimeitua. Aliyepata chake achukue. Mmepata?

— Tumepata!

Waongo nyie. Aliyekosa asinitazame vibaya, anywe maji akalale.