Vibuyu Vilivyosuguliwa

Wanawake watatu wa tumbo moja walikuwa na vibuyu saba vya maziwa ya mgando, na kijiji kizima kililelewa kwa maziwa hayo. Hawakuolewa. Walipozeeka, wawili walizikwa mwaka mmoja, na wa tatu, Kemilembe, akajiona hana nguvu tena. Akamwita Adelina, aliyewakamulia ng'ombe miaka mingi, akamkabidhi nyumba na vibuyu. Akamwambia alitunze jina lao, kisha akaenda kuuguzwa kwa jamaa zake.

Adelina alikuwa mwaminifu mno, na hilo ndilo linaloniuma. Hakudokoa hata tone. Aliipaka nyumba chokaa, akaliandika jina la wale ndugu mlangoni kwa herufi kubwa. Kila jioni alivisugua vibuyu vyote kwa sabuni na maji ya moto, maana aliogopa watu wasije wakasema mtumishi ameleta uchafu. Lakini maziwa hayakuganda. Yalioza. Adelina alilia sana, kisha kwa aibu akanunua mtindi wa kiwandani, akaumimina ndani ya vibuyu vile vile. Watu wakanywa, wakasifu. Watoto waliozaliwa baadaye hawakuwa wamewahi kuonja kitu kingine.

Moyo ulipozidi kumsuta, alimwendea Kemilembe kitandani, akamweleza yote. Mzee akauliza alikuwa akibakiza kiasi gani ndani ya kibuyu. Adelina hakuelewa anaulizwa nini. Ndipo alipojua kwamba wale ndugu hawakuwahi kumaliza kibuyu hata siku moja. Walijifungia chumba cha ndani, wakabakiza maziwa kidogo ya jana yawe chachu ya leo, kama mama yao alivyowafundisha. Na kijijini hapakuwa na chachu nyingine, kwa kuwa wote walinunua kwao.

"Mbona hukuniambia, bibi?"

"Nilidhani unaona," akasema Kemilembe, akageukia ukutani.

Ninyi masista na mapadre mliotuachia shule zenu, nasi walimu walei tuliozipokea kwa mikono safi na kuzipandisha mpaka zikaongoza mkoa kwa ufaulu: mtoto akitujia leo na kiu ya Mungu, ni nani kati yetu aliye na cha kumnywesha?