Rili Isiyoguswa na Mchanga

Wapendwa, asubuhi hii nimewaletea mfano, na si wa kuchekesha. Ni wa kutunga, kwa hiyo msije mkatoka hapa mkaanza kumtafuta mtu huyo kule sokoni. Lakini mkimkuta ndani ya nafsi zenu, hapo msinilaumu mimi.

Kulikuwa na ndugu wawili, mtu na kaka yake, waliokaa kule juu mlimani ambako maji ya mto ni baridi hadi yanauma mifupa. Kazi yao ilikuwa kuwaongoza wageni wanaokuja kuvua trauti, wale samaki wenye madoa. Wageni hao huwavua kwa nzi wa bandia, yaani vimanyoya vilivyofungwa kwenye ndoana, na uzi hukunjwa kwenye rili. Rili ni kile kigurudumu kinachokaa kwenye fimbo ya kuvulia, karibu na mkono. Sasa rili yao ilikuwa imechoka. Samaki akivuta tu, inakwama, uzi unakatika, na mgeni anarudi kambini mikono mitupu akinung'unika. Mgeni wa namna hiyo haonekani tena, na ndugu hawa walikuwa na watoto wa kulisha.

Basi yule mdogo akateremka mjini kununua nyingine. Uwezo wake ulikuwa wa kadiri, kama wangu na wako. Wakati anatoka, kaka yake alimwita kutoka zizini.

"Usihangaike na inayong'aa," akamwambia. "Pima breki. Hakikisha itashika siku samaki mkubwa akivuta."

Dukani akawekewa rili tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya dhahabu, nzuri kweli kweli, lakini kwa bei yake ungepata ng'ombe wa maziwa. Ya pili ilikuwa rahisi, na alipoizungusha ikalia kama bawaba ya mlango mbovu. Ya tatu ilikuwa nyeusi, haina pambo lolote, na bei yake ilikuwa ya mtu wa kawaida. Akamwomba muuzaji ashike ncha ya uzi, atoke nayo hadi barabarani, avute. Muuzaji akavuta polepole, kisha akavuta kwa kushtukiza kama samaki aliyechomwa. Watu wakasimama kuwatazama, wakadhani wanagombana. Rili ikaachia uzi bila kukwama, na breki ilipokazwa, ikashika.

"Hii utazeeka nayo," muuzaji akasema, akihema. "Ila adui yake ni mchanga. Usiilaze mchangani hata siku moja. Chembe ikishaingia humo ndani, breki imekwisha."

"Mchanga hautaigusa," akajibu.

Niambieni, nani hapa angemlaumu? Hakununua sifa, wala hakununua takataka. Natamani vijana wetu wangenunua simu zao kwa akili ile.

Keshoye ndugu wawili wakashuka mtoni kuijaribu kabla wageni hawajafika. Wakaingia majini hadi magotini. Yule mdogo akarusha uzi, akaukunja, akarusha tena, na rili ikawa inazunguka vizuri mno, hadi akacheka peke yake kama mtoto. Kaka yake hakuwa anatazama rili. Alikuwa anatazama maji.

"Maji yamebadilika rangi," kaka akasema. "Mvua imepiga huko juu. Tutoke."

"Narusha mara moja tu, kaka."

"Tutoke, nimesema."

Lakini akarusha. Na kaka yake, ambaye angeweza kutoka akamwacha, akasimama palepale akimngoja, kwa sababu ndivyo kaka alivyo. Kisha mto ukavimba. Wenyeji wa mlimani wanajua: haubishi hodi. Wakakimbilia ukingoni. Mdogo akatangulia kupanda, fimbo mkononi. Nyuma yake jiwe likateleza chini ya mguu wa kaka, akaanguka, akadaka mzizi uliokuwa umechomoza ukingoni. Maji yalikuwa yamemfika kifuani. Akanyoosha mkono mwingine.

"Nishike!"

Ulikuwa mkono wa kufikiwa, jamani. Ilibaki kuinama tu. Mdogo akaweka mkono mmoja kwenye shina la mti ili asiteleze, na mkono wa pili ulikuwa na fimbo, na kwenye fimbo kuna rili. Akatazama chini. Ukingo wote ulikuwa mchanga.

"Subiri kaka, niweke hii."

Akaona majani mabichi hatua chache tu pembeni. Akaenda, akailaza rili juu ya majani, taratibu, isije ikapinduka. Akageuka. Mzizi ulikuwepo. Aliyeushika hakuwepo.

Walimpata siku ya pili, chini kabisa, kwenye daraja la magogo. Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, mjane akamfuata yule mdogo nyuma ya nyumba.

"Shemeji, ulikuwa mbali naye?"

"Hapana. Nilikuwa karibu."

"Alikuita?"

"Aliniita."

"Sasa mkono wako ulikuwa na nini?"

Yule mdogo aliinama akalia, na mjane hakumbembeleza, akaingia ndani akafunga mlango. Rili ile ipo mpaka leo, imetundikwa ukutani kwa yule mdogo. Inazunguka vizuri. Haina hata chembe ya mchanga.

Ndugu zangu, msiseme alikuwa mtu mbaya, tukajitoa kirahisi hivyo. Alimpenda kaka yake. Hakumkatalia. Alisema neno moja tu, na neno hilo ndilo letu sisi: subiri. Mama anapiga simu kijijini, anasema kifua kinambana, nawe unasema subiri mama, nimalize kupaua nyumba. Mke anasema baba watoto tuzungumze, nawe unasema subiri, biashara isimame kwanza. Tena vitu vyenyewe si vya dhambi. Ni vizuri, tumevinunua kwa jasho, tumevichagua kwa busara, tunavitunza. Hapo ndipo tunapopotea, kwa sababu hakuna anayetukemea.

Yule mtu aliipima rili yake kama itashika siku ya kuvutwa. Yeye mwenyewe hakuna aliyempima, mpaka mto ulipompima. Na sisi tuliokaa kwenye mabenchi haya, tumevaa vizuri, tumeimba vizuri, siku mkono ukinyooshwa, tutashika?

Kuna mtu amekunyooshea mkono sasa hivi. Unamjua, huna haja ya mimi kumtaja. Kwa hiyo leo sitawaombea kwanza. Nendeni. Kile ulichoshika kiweke chini, kiangukie popote. Hata mchangani.