Kiti cha Kampuni ya Alizeti

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana maafisa walishaanza kuvaa vitambulisho shingoni, wakulima wa alizeti walikuwa na kampuni yao ya kukamua mafuta. Mvua ikinyesha, faida. Mvua ikigoma, hasara. Hakuna aliyeshangaa.

Mashine ikapasuka, meneja akaacha kazi. Benki ya serikali ikasema inakopesha kampuni yenye faida inayotabirika tu. Bila mkopo, milango ifungwe. Afisa akaja kwenye mkutano wa wanachama kufafanua: "Serikali haina ugomvi na mvua. Inaomba tu ijulikane mapema."

Akasimama Luhende, mtunza ghala. "Kila mwaka wa neema nabakiza mafuta kwenye tangi la nyuma. Kila mwaka wa ukame nayauza. Sikumwambia mtu, na sijutii."

"Mwaka wa neema mwanangu alikosa ada," akasema mkulima mmoja.

"Na mwaka wa ukame akala. Nuna tu."

Akasimama Nkwimba, mhasibu. "Nimeipelekea benki hesabu zote, na tangi la shemeji Luhende, nililoligundua vitabuni, ndani yake. Zinapanda, zinashuka, na sababu ya kila kushuka nimeieleza."

Afisa akashika kichwa. "Mama, ungezinyoosha kidogo. Mkopo ukikosekana je?"

"Nyoosha shati lako, baba. Hizi zinabaki zilivyo."

Akasimama Kabula, muuzaji. Desturi ilikuwa kila mwanachama kubeba bure mashudu, makapi ya mbegu zilizokamuliwa, akalishe ng'ombe wake. Kabula alifunga geti, akayauza yote. "Nyasi zikikauka, mafuta yanapungua lakini mashudu yanapanda bei. Moja likianguka, jingine linalishika."

"Na ng'ombe wetu?"

"Walikonda. Hata wangu. Nitukaneni, geti halifunguki."

Benki ikakopesha. Mtu wa benki akasema: bila tangi tusingekuwa na dhamana, bila Nkwimba tusingeamini neno, bila mashudu tungeogopa mwakani.

Mashine mpya ikanguruma. Kiti cha meneja kilikuwa kimoja. Afisa, kwa kuchoka kusimama, akakikalia.

"Inuka hapo," wakasema wote watatu. Akainuka.

Haya, nyinyi mliokaa kimya tangu nianze. Mmoja aliwaficha wakulima mafuta yao. Mmoja alikuwa tayari kampuni ife kwa ukweli. Mmoja aliwakondeshea ng'ombe. Je, nani alistahili kukikalia?